Masomo ya Ufundi katika Shule za Sekondari na Fungu Letu la Karo

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kondele, 2026



Halmashauri imeniagiza niseme mbele yenu juu ya jambo moja lililoachwa bila kuamuliwa katika mkutano uliopita, nalo ni hili: je, fungu la karo la Chama liwasaidie pia watoto wanaochagua masomo ya ufundi, au liendelee kama lilivyo, kwa wale tu wanaosoma masomo ambayo tumezoea kuyaita ya vitabu? Mtakumbuka kwamba siku ile maneno yalikuwa mengi. Mzee wetu mmoja alisimama akasema kwamba hakuuza ng'ombe ili mwanawe akafundishwe kushika nyundo, maana nyundo ziko Kibuye na hazilipiwi karo. Wengi walipiga makofi. Niliyaandika maneno yale katika kumbukumbu za mkutano kama yalivyosemwa, na tangu hapo nimeyafikiri sana, kwa sababu naona yana ukweli zaidi kuliko walivyokiri wale walioyapinga.

Yafaa kwanza nieleze hali ilivyo. Mwezi wa Januari mwaka huu wa 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, yaani sekondari ya juu. Wale wa Kidato cha Tatu na cha Nne bado wamo katika mpango wa zamani wa 8-4-4, na wa mwisho wao watafanya mtihani mwaka 2027. Hawa wa Gredi ya 10 wamegawanywa katika njia tatu: sayansi pamoja na teknolojia, uhandisi na hisabati, masomo ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Ndani ya ile njia ya kwanza limo tawi la ufundi. Humo mtoto aweza kuchagua ujenzi, umeme, kazi za chuma, kazi za mbao, mitambo ya injini, mambo ya ndege, vyombo vya habari, au teknolojia ya bahari na uvuvi. Serikali ilisema kwamba inakusudia watoto 60 katika kila 100 wafuate njia ya sayansi. Basi barua za kuomba msaada zilizofika mezani pangu mwaka huu zina watoto wa namna hiyo, na kanuni yetu haiwataji kabisa. Mweka Hazina hawezi kuwalipia bila kuvunja kanuni, wala hawezi kuwakataa bila kuona haya.

Sasa nirudi kwa maneno ya mzee wetu. Maneno yale si mapya katika nchi hii ya ziwa. Shule ya Maseno ilianzishwa na wamisheni wa C.M.S. mwaka 1906, na tangu mwanzo kazi za mikono zilikuwa sehemu kubwa ya mafundisho yake. Mwaka 1908, shule ikiwa na umri wa miaka miwili tu, wanafunzi waligoma. Walisema wamekuja kusoma, hawakuja kufanya kazi za mikono. Wazee, yatazameni maneno hayo: ni yale yale yaliyosemwa katika mkutano wetu, baada ya zaidi ya miaka mia moja.

Kuna watu waliowacheka vijana wale wakasema ni uvivu. Mimi sioni hivyo. Kijana yule alikuwa amelima kwao tangu utoto, amejenga zizi, amevuta nyavu. Kazi haikuwa ngeni kwake hata avuke vilima kwenda kuitafuta kwa Mzungu. Alichokosa ni maandishi. Aliona mwenyewe kwamba mtu ajuaje kusoma hati ya kodi na kuandika barua hawezi kudanganywa upesi, naye Mzungu aliyeshika kalamu ndiye aliyekuwa akiamuru mwenye jembe. Ukimpa jembe mtu wa namna hiyo mahali pa kitabu, lazima aulize unataka kumfanya nini.

Na mashaka yake hayakuwa bure. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na ambayo ndani yake alikuwamo Dr. James Aggrey wa Gold Coast, ilipita Kenya ikasifu elimu ya vitendo kwa Mwafrika, kwa mfano wa shule za watu weusi za Hampton na Tuskegee. Katika miaka hiyo hiyo serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi cha Kabete ili kupata waashi, maseremala na wahunzi. Mafundi wazuri walitoka pale, hilo halina ubishi. Lakini mtoto wa mlowezi hakuambiwa kwamba elimu inayomfaa ni ya patasi na randa. Yeye alifunguliwa mlango wa chuo kikuu. Kwa hiyo baba zetu walipodai elimu, hawakudai karakana. Young Kavirondo Association ilipoanzishwa mwaka 1921, na waalimu waliosoma Maseno wakiwa mbele, moja ya madai yake ilikuwa shule ya serikali katika Nyanza. Mwaka 1923 ikageuzwa kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association chini ya Archdeacon Owen, ikashughulika na nyumba bora, vyoo na kupanda miti. Chama chetu hiki kidogo kimekaa katika ukoo huo, na nadhani hata ubishi wetu tumeurithi huko.

Basi ugomvi haukuwa juu ya mikono. Ulikuwa juu ya mlango: je, mtoto akishika nyundo, mlango wa kitabu unabaki wazi au unafungwa nyuma yake? Mzee wetu anaogopa kwamba utafungwa. Hilo ndilo swali la kuulizwa, na kwa kanuni za sasa jibu laweza kupatikana. Mtoto wa Gredi ya 10 aliye katika tawi la ufundi hasomi hisabati nyepesi. Kwa kuwa yumo katika njia ya sayansi, anasoma hisabati ile ile ya yule anayetaka udaktari, pamoja na Kiingereza na Kiswahili au Lugha ya Ishara, kisha masomo matatu aliyoyachagua. Akifaulu, aweza kwenda chuo cha ufundi. Akifaulu zaidi, aweza kutafuta nafasi ya uhandisi katika chuo kikuu. Kwa karatasi, mlango uko wazi. Nasema kwa karatasi, na nitaeleza kwa nini.

Niruhusuni kwanza nitoe mfano wa kile ninachokiita nyundo na kitabu kukutana. Nendeni mahali popote hapa Kondele au Manyatta ambapo nyumba inaanzwa. Mtamwona fundi mwashi akipigilia vigingi na kufunga kamba. Ili pembe ya nyumba iwe sawasawa, anapima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha anavuta kamba kati ya alama hizo mbili na kusogeza kigingi mpaka ipatikane futi 5 kamili. Hapo pembe imekaa, na ukuta utapanda bila kupinda. Wengi wao hawakufundishwa sababu. Walimwona fundi mkubwa akifanya, wakafanya. Sasa mwiteni kijana aliyemaliza sekondari na alama nzuri. Atawaambia kwamba mara tatu tatu ni tisa, mara nne nne ni kumi na sita, jumla ishirini na tano, nayo ni mara tano tano, na kwamba hiyo ni kanuni ya Pythagoras. Mpeni kamba na vigingi: hajui aanzie wapi. Watu hawa wawili wanapita njia moja kila siku, mmoja ana sababu bila kazi na mwingine ana kazi bila sababu. Ikiwa nyumba ni ya vyumba viwili hakuna hasara. Ikiwa ni ya orofa nne, au ni daraja, yule mwashi anasimama chini akingoja mtu kutoka mbali aje na michoro, na yule kijana anatafuta kazi ya ukarani. (Nami ni karani, sisemi haya kwa kudharau kalamu, lakini meza za ukarani zimehesabika.)

Somo la ufundi shuleni, likifundishwa vizuri, ndilo daraja kati ya hao wawili. Na jambo kubwa ndani yake si nyundo, ni mchoro. Mtoto hufundishwa kuchora kitu kimoja kama kinavyoonekana mbele, kama kinavyoonekana kutoka juu, na kama kinavyoonekana ubavuni, kwa vipimo vilivyoandikwa, hata mtu mwingine asiyemjua aweze kukitengeneza kile kitu bila kumwuliza neno. Mafundi wetu wa Kibuye wana mikono mizuri ajabu. Hutengeneza masanduku ya bati, majiko, milango ya chuma na matoroli kwa jicho tu. Lakini kwa kuwa kipimo kimo katika jicho, kazi haiwezi kugawanywa kwa watu ishirini. Mteja akitaka milango mia iliyo sawasawa, anakwenda kwingine.

Wazee wa mji huu wanajua zaidi yangu habari za meli. Meli ya Winifred, iliyoteremshwa majini hapa Kisumu mwaka 1902, ililetwa vipande vipande kutoka Uskoti, ikaunganishwa ufukweni petu kwa ribiti. Mwaka 1966 ikaja MV Uhuru, ile inayobeba mabehewa ya gari la moshi, nayo pia vipande vyake vilitengenezwa Uskoti na kuunganishwa hapa. Na katika miaka hii ya karibuni MV Uhuru II imeundwa papa hapa Kisumu, katika kiwanda cha meli. Tazameni mwendo huo, kutoka kuunganisha mpaka kuunda. Mtu wa kulehemu chuma cha meli hawezi kuwa wa jicho tu. Anasoma mchoro, anajua unene wa bamba na joto lake. Nao watoto wa Dunga na Usoma, ambao baba zao wanajua mbao gani hustahimili maji ya ziwa, sasa wana somo la uvuvi na vyombo vyake katika orodha ya serikali. Itakuwa ajabu kubwa kama somo hilo litasomwa mbali na ziwa kwa sababu sisi hatukuliomba.

Nilisema nitaeleza kwa nini nasema mlango uko wazi kwa karatasi. Tulikwisha kupita njia hii. Mwaka 1985 mpango wa 8-4-4 ulipoanza, tuliambiwa kwamba kila mtoto atajifunza kazi. Wazazi walichanga kwa Harambee, wakajenga karakana, hata katika shule za msingi. Majengo mengi yalisimama, lakini vifaa havikutosha na waalimu wa kuvitumia walikuwa wachache. Mahali pengi somo likafundishwa kwa maneno, msumeno ukachorwa ubaoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yalipopunguzwa, ufundi ulibaki katika shule chache za sekondari. Shule niliyosoma mimi, ambayo sitaitaja, ilikuwa na karakana yenye jiliwa sita zilizofungwa juu ya meza nzito. Katika miaka minne niliyokaa pale haikufunguliwa kwa somo hata mara moja. Iliwekwa magunia ya mahindi.

Jambo jingine lilipotea wakati huo huo, nalo halisemwi sana. Tulikuwa na shule za sekondari za ufundi, ambazo mtoto alitoka akiwa na masomo na kazi pamoja. Hapa Kisumu ilikuwako moja, iliyoanza mwaka 1967. Katika miaka ya 1980 shule za namna hiyo zilipandishwa zikawa vyuo vya ufundi kwa wale waliomaliza sekondari, na hiyo yetu leo ni Kisumu National Polytechnic. Tulipata chuo, tukapoteza shule. Sisemi ilikuwa vibaya kupata chuo. Lakini tangu hapo mtoto wa miaka kumi na mitano hakuwa na mahali karibu pa kuonja kazi hiyo. Aliijua tu baada ya kushindwa mtihani, na ndipo neno ufundi likawa jina la kushindwa. Watu husema, "Huyu hakupata alama, mpelekeni polytechnic." Nani atapenda kwenda mahali anapotumwa kwa maneno hayo?

Na kuna onyo jingine ambalo wapendao ufundi hawapendi kulisikia. Katika miaka ya 1980 wataalamu Jon Lauglo na Anders Närman walichunguza shule zetu za sekondari zilizokuwa na masomo ya ufundi, ambazo Sweden ilisaidia kuzipa karakana na vifaa. Walikuta kwamba wanafunzi waliyapenda masomo yale, nao hawakuwa wajinga wa darasa. Lakini walipofuatwa baada ya shule, hawakupata kazi upesi kuliko wenzao ambao hawakusoma ufundi. Kwa hiyo tusiwadanganye wazazi. Karakana ya shule haimpi mtoto kazi. Kijana wa miaka kumi na minane aliyesoma umeme kwa miaka mitatu si fundi umeme, wala asiachwe aguse nyaya za nyumba ya mtu peke yake. Anachopata ni mwanzo: anajua kupima, anajua kuchora, haogopi mashine, na akienda chuoni hapotezi mwaka wa kwanza akijifunza majina ya vifaa. Mwenye kutaka zaidi ya hayo kutoka sekondari atakasirika, kisha atafunga karakana tena.

Wapo waliosema kwamba kazi hii ni ya serikali, si ya chama cha watu wachache wanaochanga shilingi zao. Nawakumbusha habari ya RIAT. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kiambu walipotangaza kwamba watajenga chuo chao cha sayansi na teknolojia, jamii nyingine hazikukubali kubaki nyuma. Watu wetu walichanga kwa ajili ya Ramogi Institute of Advanced Technology, na waliochanga hawakuwa matajiri tu. Walikuwamo walinzi wa usiku, wachuuzi wa samaki na wafanyakazi wa reli waliokuwa Nairobi, Mombasa na Kampala. Wataalamu waliandika wakati ule kwamba vyuo hivi vya Harambee vilianzishwa kwa mashindano zaidi ya mpango, na kwamba kujenga ni rahisi kuliko kulipa waalimu kila mwezi. Walisema kweli. Hata hivyo chuo kipo mpaka leo, nje kidogo ya mji, ilhali vyama vya kikabila vya siku zile vilivunjwa mwaka 1980. Nimetoa mfano huu kwa sababu mbili zinazovutana: kwamba fedha ndogo zikikusanywa zaweza kusimamisha kitu cha kudumu, na kwamba sisi tusijaribu kujenga. Majengo yapo. Tulipe watoto na tununue vifaa.

Neno moja juu ya wasichana. Mwaka ule wa 1985, karakana ilipojengwa katika shule ya wavulana, mahali pengi shule ya wasichana ilipata chumba cha mapishi na ushonaji. Kati ya barua za mwaka huu nilizotaja, moja ni ya msichana anayetaka umeme. Mama mmoja katika Halmashauri aliisoma akauliza kama kuna shule itakayompokea. Swali hilo lina haki kuliko lile la kama anaweza.

Jaduong' Mwenyekiti, Halmashauri inaleta mambo haya ili mkutano uyakubali au uyakatae. Kanuni ya fungu la karo ibadilishwe, ili mtoto wa tawi la ufundi asaidiwe sawasawa na mwenzake, kwa sharti kwamba shule yake inamfundisha ile hisabati kamili. Kabla ya kulipa, wajumbe wawili wa Chama, mmoja wao awe fundi, waende shuleni kuitazama karakana kwa macho yao, wahesabu jiliwa, tupa, misumeno na kalipa, waulize jina la mwalimu wa somo. Shule isiyo na mwalimu tusiilipie somo hilo, ila mtoto asaidiwe kuhamia kwingine. Na fungu dogo litengwe kwa vifaa vitakavyoandikwa katika daftari la Chama kuwa mali ya Chama iliyoazimwa shule, ili visije vikauzwa wala kupotea bila mtu kuulizwa. Mafundi watatu wa Kibuye wamekwisha kukubali kufika shuleni siku moja kila mwezi, bila malipo ila nauli.

Nimeongeza jambo moja ambalo Halmashauri iliona ni dogo, lakini wamenipa ruhusa ya kulisema. Ufunguo wa karakana ukae kwa mwalimu wa somo, usikae katika ofisi. Wajumbe wetu wakifika waulize ufunguo uko wapi, na wahesabu dakika zinazopita mpaka uletwe.

Nakala za hoja ziko kwa Mweka Hazina. Wanaokubali kwenda kutazama shule waandikishe majina yao kwangu leo, kabla mkutano haujafungwa, kwa maana karo ya muhula ujao haitangoji mkutano mwingine.